Saa ya Vibao

Mwaka 1903 Eugene Fitch wa New York alipewa hataza ya saa isiyo na mishale. Ndani ya kioo cha mviringo chenye fremu ya shaba alipanga vibao vyembamba vya seluloidi vilivyoandikwa tarakimu. Kila dakika kimoja kiligeuka na kufichua kinachofuata. Kampuni ya Ansonia ya Brooklyn ikaitengeneza na kuiuza kwa jina la Plato. Ilikwenda kwa springi, ikabidi itiwe ufunguo kama saa nyingine yoyote. Wanunuzi waliishangaa miaka michache, wakaiacha. Ansonia nayo ilidorora baadaye, na mwaka 1929 mitambo ya kiwanda ikauzwa kwa Wasovieti.

Umeme ndio ulioifufua fani hii. Henry Warren, wa Ashland, Massachusetts, aliunda mota inayofuata mapigo ya umeme wa gridi, na mwaka 1916 kampuni ya umeme ya Boston ikaanza kutumia saa yake kuu kuhakikisha mapigo hayo hayapungui wala hayazidi 60 kwa sekunde. Kuanzia hapo saa ya chumbani ingeweza kutegemea usahihi wa mtambo wa umeme ulio maili kadhaa mbali.

Vibao vyenyewe vilirudi kwa njia ya Italia. Solari wa Udine, wakishirikiana na msanifu Gino Valle, walishinda tuzo ya Compasso d'Oro mwaka 1956 kwa saa yao Cifra 5, kisha mbao zao za ratiba zikaenea kwenye viwanja vya ndege na stesheni za treni. Wajapani wa Copal wakaufanya mtambo uwe mdogo na wa bei nafuu. Kwa hiyo saa nyingi zinazoitwa za Kimarekani, zile za plastiki zenye redio za miaka ya 1970, zina matumbo ya Tokyo. Sioni ubaya wowote.

Raha yake iko kwenye dakika ya 59. Gurudumu husogea polepole mno. Kibao cha juu, kilichonaswa na kijino, hupinda kidogo, kisha huchomoka: tak! Cha saa hufuata. Filamu ya Groundhog Day ya mwaka 1993 ilimfanya Bill Murray aamshwe na tukio hilo saa kumi na mbili kamili, asubuhi ileile, tena na tena. Wakati huo tarakimu za taa zilikuwa zimeshaziondoa saa hizi madukani.

Anayetaka kuagiza moja kutoka Marekani ajue kwamba transfoma hushusha volti tu. Umeme wetu una mapigo 50, hivyo saa ya 60 itachelewa dakika kumi kila saa: uirekebishe saa nne usiku, na kumi na mbili asubuhi itakuonyesha 4:40. Soma kwanza maandishi ya mgongoni. Yakitaja 60 peke yake, mwachie muuzaji.