Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu: muji unaojengwa juu ya moto

Sisi watu wa Goma tunahesabu miaka kwa volkano. Mtu anasema alizaliwa mbele ya 1977, akajenga kiisha 2002. Hata historia ya kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu tunaihesabu hivyo.

Zamani wakatoliki wa Goma walikuwa chini ya Bukavu. Mwaka wa 1959 Goma ikawa jimbo lake yenyewe. Askofu wa kwanza, Monseigneur Joseph Mikararanga Busimba, alianza kazi 1960, akaiongoza mpaka 1974. Monseigneur Faustin Ngabu akafuata, mpaka 2010. Ni katika wakati wake msiba ulipofika.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Moto ukashuka, ukapita kwenye uwanja wa ndege, ukakata muji katikati, ukaingia ziwani. Watu maelfu na maelfu wakakimbilia Gisenyi, karibu 120.000 wakabaki bila nyumba. Kanisa kuu nalo likaharibika.

Moto ulipopoa ukawa jiwe. Watu wakalipiga nyundo, wakajenga nyumba na vibambazi. Hatuwezi kuwalaumu, sababu mtu anahitaji kulala mahali. Lakini kila mwaka alama za muji wa zamani zinafunikwa.

Hapa kuna jambo la kushangaza. Nyiragongo iko ndani ya Pori la Virunga, lililoandikwa katika urithi wa dunia tangu 1979. Mahali patano pa Kongo pa orodha hiyo pote ni pori na nyama. Basi mulima uliochoma unalindwa. Hakuna hata nyumba moja ya Kongo iliyoandikwa hapo. Na inchi yetu iko na sheria ya mali ya utamaduni tangu 1971!

Kule Saint-Pierre, kisiwani Martinique, volkano iliua watu karibu 28.000 mwaka wa 1902. Mabomoko ya teatro yao yanatunzwa mpaka leo, na watoto wanapelekwa kujifunza pale.

Sisi tufanye nini? Tukusanye picha za harusi na za ubatizo zilizopigwa mbele ya kanisa la zamani. Tuandike maneno ya wazee wangali hai. Kiisha tuweke nakala mahali pawili, moja mbali na Goma. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku ingine unaweza kuendelea.