Msahafu wa Nukta Nundu na Hukumu ya Kuugusa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Umma huu haukukosa wanavyuoni wasioona. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), ambaye kisa chake kimo katika Sura Abasa, alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.). Imamu Shatibi, aliyefariki mwaka 590 Hijria, alikuwa kipofu, na beti zake 1,173 za elimu ya visomo zinahifadhiwa hadi leo. Mwanzoni mwa karne ya 8 Hijria, Zainuddin Al-Amidi wa Baghdad alikuwa akiuza vitabu. As-Safadi anasimulia kuwa alisokota karatasi kwa umbo la herufi na kuibandika ndani ya jalada, ili aijue bei kwa kidole.

Hata hivyo, katika Qur'ani walitegemea masikio na hifdhi. Aliyetatizwa na aya alimtafuta mwenye macho.

Mwaka 1829 Mfaransa Louis Braille, naye kipofu, alichapisha hati yake ya nukta sita. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya UNESCO, yakapatikana makubaliano juu ya hati hiyo kwa Kiarabu. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kila iraabu huchukua nafasi yake, ndiyo maana Msahafu mmoja huwa mabuku kadhaa makubwa.

Je, una hukumu ya Msahafu? Maulamaa wa zama zetu wamekhitalifiana. Wako wasemao ni alama tu, kwa kuwa si rasmu ya Uthmani. Na wako wasemao hati ni istilahi, na linalosomwa humo ni neno la Allah lenyewe. Sisi twaona kauli ya pili ina ihtiyati zaidi, basi atawadhe.

Lakini tuzingatie: mwenye macho asiye na udhu husoma kwa kutazama bila kugusa, ilhali kidole cha kipofu ndicho jicho lake. Uzito unamwangukia yeye. Kwa hiyo, enyi maimamu, msimwambie "tawadha" mkamwacha bila maji karibu. Na mtoto mwenye kupambanua, madhehebu yetu ya Shafii hayamzuii kugusa Msahafu bila udhu kwa ajili ya kujifunza. Basi asizuiwe mtoto kipofu.

Wallahu aalam.