Macho mekundu ya bibi



Mimi ni mtoto wa Zagayu. Nilipokuwa mdogo, Zagayu ilikuwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa baadaye, mwaka 2012. Kuni kwetu zilikuwa haba. Bibi alipika kwa mabua ya pamba na samadi kavu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Moshi ulimsumbua mwaka baada ya mwaka, mpaka macho yake yakawa mekundu.

Usukumani enzi hizo, macho mekundu ya kikongwe yalikuwa hati ya mashtaka. Vikongwe wengi wa kanda ile waliuawa kwa mapanga kwa shutuma za uchawi, na ushahidi ulikuwa ni hayo macho. Kijiji kilipoanza kunong'ona, baba alimhamishia bibi kwenye nyumba yetu usiku, akamlaza chumba cha ndani. Alinusurika. Sisi watoto hatukuambiwa sababu.

Nimeanza na bibi kwa kuwa leo nataka tuzungumzie historia ya binadamu kulitazama jicho kwa ndani. Kwa nje tumelitazama mno, na tumeua.

Kwa karne nyingi hata madaktari hawakuweza kuona sehemu ya nyuma ya jicho la mtu aliye hai. Mboni ilionekana nyeusi tu. Sababu ni kwamba mwanga uingiao jichoni hurudi kwa njia ile ile uliyoingilia, na ukitaka kuuona, kichwa chako mwenyewe kinauziba. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa chake: vioo vilivyopeleka mwanga ndani ya jicho huku mtazamaji akichungulia kupitia vioo hivyo hivyo. Ghafla chumba kilichokuwa na giza kikawaka.

Kilichoonekana humo ni kisahani cha rangi ya waridi-manjano, upana wake kama milimita moja na nusu. Hicho ndicho kichwa cha mshipa wa fahamu wa kuona. Nyuzi zaidi ya milioni moja hukusanyika hapo, zikatoka kwenda kwenye ubongo. Shinikizo likizidi ndani ya fuvu, kisahani huvimba. Presha ya jicho ikikishambulia, hubonyea katikati kama kikombe. Nyuzi zikifa, hupauka.

Lakini kuona si kuelewa. Wapo watu wenye vijiwe vidogo vya chokaa ndani ya kisahani hicho. Vijiwe hivyo hukiinua, nacho huonekana kimevimba, na mgonjwa anaweza kuhofiwa kuwa na uvimbe kichwani ilhali hana. Ndiyo maana sayansi haikuridhika na kuchungulia. Ilikuja kamera, na mwaka 1991 ikatangazwa mashine ya OCT, inayotumia mwanga kupima unene wa tabaka za ndani ya jicho kwa sehemu za elfu za milimita.

Sasa turudi nyumbani. Kuanzia mwaka 1988, madaktari wa Dar es Salaam walianza kupokea vijana ambao macho yote mawili yalififia ndani ya muda mfupi. Kwa nje, macho hayo yalikuwa mazima kabisa. Wengine walikufa ganzi miguuni, wengine masikio yakapungua nguvu. Walipochunguzwa kwa ndani, kisahani kilikuwa kimepauka. Cuba nayo ilipatwa na maradhi yanayofanana na hayo kati ya 1991 na 1993, watu zaidi ya 50,000. Ya kwao yalitulia, ya kwetu yakaendelea.

Mwaka 2011 watafiti walieleza kwamba maradhi hayo yalihusiana na mambo mawili: upungufu wa foleti, vitamini ya mboga za majani na maharage, na moshi wa ndani ya nyumba. Mwaka 2013 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa wa Tanzania waliopimwa kwa OCT. Tabaka la nyuzi lilikuwa limekonda, na kwa baadhi yao kulikuwa na vitundu vidogo mno karibu na kitovu cha kuona. Chanzo chenyewe bado kinabishaniwa.

Tusichanganye mambo, ndugu zangu. Wekundu wa bibi ulikuwa wa nje ya jicho, na maradhi ya vijana wale ni ya ndani. Hata hivyo, ule moshi ambao kijiji kiliuita uchawi, wataalamu wameuita hatari. Nani alikuwa karibu na ukweli?

Utasema mashine hizo ni za mijini. Ni kweli. Kutoka Zagayu hadi Bugando, Mwanza, ni safari na ni nauli. Lakini jirani zetu wa Nakuru, Kenya, wametuonyesha njia. Daktari Andrew Bastawrous na wenzake walibandika kifaa kidogo kwenye simu ya mkononi, wakapiga picha za kile kisahani, zikasomwa na wataalamu London. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba hata mtu asiye mtaalamu, akifundishwa, hupiga picha zinazokaribiana na za kamera ya hospitali.

Simu zimeshafika Zagayu. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa kumpa mhudumu wa zahanati kifaa hicho na mafunzo.

Wewe mwenye mama kijijini, mtobolee dirisha jikoni. Na ukiona macho ya kikongwe ni mekundu, muulize kwanza anapikia nini.

Tukutane juma lijalo.