Thika, wilaya iliyofutwa mara mbili

Mkazi wa Kiandutu, mjini Thika, aliyechukua kitambulisho mwishoni mwa miaka ya tisini akikigeuza nyuma ataona wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo. Penye wilaya pameandikwa Thika. Wilaya hiyo haipo tena, na hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kufutwa.

Enzi za ukoloni Thika ilikuwa wilaya ya walowezi katika Mkoa wa Kati, nchi ya kahawa na mkonge iliyofikiwa na reli kutoka Nairobi mwaka 1913. Uhuru wa Kenya ulipowadia, mkoa wote ulichorwa upya. Embu na Meru zilipelekwa Mashariki, Kirinyaga ikakatwa kutoka Embu, Nyandarua ikaundwa, nayo Thika ikafutwa na mji wake kuwekwa chini ya Kiambu. Mkuu wa mkoa alikaa Nyeri, zaidi ya kilomita 100 kutoka Thika.

Viwanda vya Thika viliita vibarua kutoka kila pembe, na wengi wasiomudu kodi ya mjini wakajenga Kiandutu, karibu na mtaa wa Makongeni. Leo ndicho kitongoji kikubwa zaidi cha mabanda mjini humo: mabati yamebanana, mitungi ya maji iko foleni, na wengi hawana hatimiliki ya ardhi wanayolalia. Kwao serikali ni chifu. Kitambulisho, basari ya mtoto, kibali cha kumzika aliyefia nyumbani, yote huanzia mlangoni pake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mipaka ni mambo ya wanasiasa tu. Ofisi ikihama, nauli hutoka mfukoni mwa aliye nacho kidogo.

Mwaka 1994 serikali ya Rais Moi iliirudisha Wilaya ya Thika, safari hii ikivuka mto Chania na kuchukua Gatanga na Kakuzi kutoka Murang'a. Mkuu wa wilaya akawa papa hapa mjini. Lakini mwaka 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba wilaya zilizoundwa baada ya sheria ya wilaya ya 1992 hazikuwa halali, na Katiba ya 2010 ikajenga kaunti 47 juu ya mipaka ile ya 1992. Thika, iliyozaliwa upya miaka miwili baadaye, ikakosa kaunti. Gatanga na Kakuzi zikarudi Murang'a, Thika ikarudi Kiambu.

Kitu kimoja kilisogea karibu. Eneo bunge la Juja, lililowahi kubeba Juja, Ruiru na Thika pamoja, liligawanywa katika sehemu tatu kabla ya uchaguzi wa 2013, na Thika ikapata mbunge wake.

Sasa wapo wanaotaka Thika iwe jiji. Sheria ya miji, iliyorekebishwa mwaka 2019, inadai wakazi 250,000. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu wakazi 251,407 Thika. Ziada ni watu 1,407, na Kiandutu pekee ina maelfu zaidi ya hao. Bila watu wa mabanda, Thika haifikii kiwango. Basi kabla ya hati ya jiji kutiwa saini, nao wapewe hati za ardhi yao.