Nililipa Niingie Gerezani

Wasee, wacha niseme ukweli. Nimezaliwa Mombasa, nimesomea Mombasa, na mpaka natimiza miaka 22 sikuwa nimeingia Fort Jesus hata siku moja. Nje nimepiga picha mara mia. Nje nimekula viazi karai, nje nimengoja marafiki waliochelewa. Ndani? Tulikuwa twaambiana ndani ni kwa watalii na watoto wa shule wanaoletwa na basi kutoka bara.

Mwezi uliopita nikaamua yatosha. Nikamwambia nyanya yangu naenda kulipa tikiti niingie. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani wewe walipa pesa uingie jela? Zama zetu watu walikuwa wakilipa watoke!"

Nikadhani ni utani. Kumbe sio. Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia ngome ile kama jela. Makumbusho yalifunguliwa baadaye, 1962. Nyanya alikuwa msichana mdogo wakati ami yake alipofungwa humo kwa kukosa pesa za kodi. Anakumbuka kufuatana na mamake mpaka karibu na lango, kisha kurudi nyumbani bila kumwona. Kwa wazee wetu, kusema fulani "amepelekwa Ngomeni" hakukumaanisha ameenda kutembea.

Sasa chukua neno lenyewe, gereza. Wataalamu wa lugha wanasema limetokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Wareno walikuwa wakiweka kanisa ndani ya ngome zao, na watu wa pwani wakachukua jina la kanisa wakaipa ngome nzima. Ndiyo maana ngome kongwe kule Kilwa Kisiwani mpaka leo yaitwa Gereza. Ngome zikaja kufungiwa watu, na neno likabaki na maana tunayoijua. Kanisa, ngome, jela, zote ndani ya neno moja. Na Fort Jesus imepitia zote tatu.

Basi nikaingia nikiwa na hilo neno kichwani, na kila kitu kikabadilika. Ngome ilianza kujengwa 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Ndani kuna vitu vilivyotolewa baharini na wapiga mbizi miaka ya 1970, kutoka kwa meli ya Kireno Santo António de Taná. Ilizama hapo mbele ya ngome 1697, Waomani walipokuwa wameizingira. Mzingiro ule ulianza Machi 1696 ukaisha Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Wengi waliofia ndani waliuawa na maradhi, sio risasi.

Lakini kitu ambacho sikuwahi kusikia darasani ni hiki: ndani ya kuta walikuwamo Waswahili wa Faza waliosimama na Wareno, na upande wa pili walikuwapo Waswahili wa Pate walioungana na Waomani. Sisi kwa sisi, pande zote mbili.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Shuleni tulifunzwa historia ya Mombasa kama mechi ya wageni. Mreno kaingia, Mwomani kamtoa, Mwingereza kafunga bao la mwisho. Sisi tukawa uwanja tu, tunakanyagwa na kila timu.

Ni uongo. Muulize Yusuf bin Hassan. Alichukuliwa na Wareno akiwa mtoto, akapelekwa Goa, akabatizwa, akapewa jina Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa awe mfalme wao mtiifu. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni na kuiteka. Wareno walikuja na meli kuikomboa wakashindwa. Yusuf aliiacha mwenyewe 1632, akaenda zake baharini, ndipo wakarudi. Pale langoni kuna maandishi ya Kireno ya 1635, kapteni mwingine akijigamba jinsi alivyoijenga upya ngome na kuiadhibu miji ya pwani. Mimi nilikuwa nikipiga picha mita chache kutoka hapo kila wikendi, na sijui nasimama chini ya majigambo ya nani.

Siku ya pili nilimbembeleza nyanya twende pamoja. Alikubali, lakini alifika langoni tu. Akajifunga leso vizuri, akautazama ukuta muda mrefu, kisha akasema, "Nimeona. Twende." Sikumlazimisha. Ila njiani alinihadithia mambo ya ami yake ambayo babangu mwenyewe hayajui. Nikayarekodi yote kwa simu. Hayo hayako kwenye kabati la kioo popote.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: nenda makumbusho ya mji wako, lakini usiende mikono mitupu. Kabla hujalipa tikiti, kaa na mzee wako umuulize mahali hapo palikuwa pakiitwaje, na nani wa kwenu alipita hapo. Kuta zinatunzwa, zimeingia orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Nyanya zetu hawako kwenye orodha yoyote.

Na sio lazima uanze na tikiti. Makanga akipiga kelele "Kengeleni!" pale Kisauni, teremka. Kengele yenyewe bado ipo, ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru miaka ya 1870. Ililiwa ikilia kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja. Miaka yote nimeshuka hapo nikitafuta chenji yangu, na sijawahi kuinua kichwa.