Sensa ya 2008 na Mgawanyo wa Viti vya Bunge: Kutoka Khartoum hadi Juba

Tangu uhuru wa Julai 9, 2011, Sudani Kusini haijafanya sensa yake yenyewe. Hesabu kamili ya watu iliyopo ni ile ya 2008, ambayo chama cha SPLM kiliikataa hadharani. Makala haya yanafuatilia jinsi takwimu iliyokataliwa ilivyoingia hata hivyo katika muundo wa bunge linaloketi Juba.

Mkataba wa Amani uliotiwa saini Nairobi Januari 9, 2005 uligawa viti 450 vya bunge la Khartoum kwa makubaliano: National Congress asilimia 52, SPLM 28, vyama vingine vya kaskazini 14, na vingine vya kusini 6. Kusini, kwa jumla, ilipata asilimia 34. Mgao huo ulikuwa wa muda, na sensa ndiyo iliyotarajiwa ama kuuthibitisha ama kuurekebisha. Ilipaswa kukamilika kufikia katikati ya 2007, lakini wadadisi walianza kazi Aprili 22, 2008, masika yakiwa yanakaribia, na wakaendelea kwa majuma mawili. Maswali ya kabila na dini yaliondolewa katika dodoso, jambo ambalo Juba ililipinga tangu mwanzo.

Matokeo yalitangazwa mwaka uliofuata: Sudani nzima watu 39,154,490, Kusini 8,260,490, yaani asilimia 21. Kituo cha takwimu cha Juba kililalamika kwamba ofisi ya Khartoum haikukikabidhi takwimu ghafi ili izihakiki pamoja nacho. Lakini uzito wa mgogoro ulikuwa katika Katiba ya Mpito ya 2005, iliyotaka robo tatu ya wabunge wa kila baraza ili ibadilishwe. Katika bunge la watu 450, kuzuia mabadiliko kulihitaji kura 113. Kwa asilimia 34, Kusini ilikuwa na wabunge 153, na kwa asilimia 21 ingebaki na takriban 95. Kura kumi na nane zilizopungua zilitosha kuiondolea Kusini kinga yake ya kikatiba, huku kura ya maoni ya 2011 ikiwa mbele yake.

Suluhu haikutoka kwa wanatakwimu. Mwezi Februari 2010, National Congress na SPLM walikubaliana kuongeza viti 40 kwa Kusini, vinne kwa Kordofan Kusini na viwili kwa Abyei. Hesabu yake inasomeka wazi: 136 kati ya 496 ni asilimia 27, juu kidogo tu ya mstari wa robo. Sensa yenyewe haikuguswa.

Uhuru ulipokuja, Katiba ya Mpito ya 2011 iliunda bunge la watu 332 kwa kuunganisha makundi matatu: wabunge 170 wa bunge la Juba, 96 waliorejea kutoka Khartoum, na 66 walioteuliwa na Rais. Hao 96 ni asilimia 21 ya viti 450: ni sensa ileile iliyokataliwa, imevaa vazi jingine. Ndani ya Kusini nayo tofauti zilikuwa kubwa. Jonglei ilihesabiwa watu 1,358,602, na Bahr el Ghazal ya Magharibi 333,431. Kati ya majimbo 102 ya uchaguzi ya bunge la Juba, uwiano mtupu ungeipa ya kwanza kumi na saba na ya pili manne.

Vita vya Desemba 2013 viliwatawanya watu hao waliohesabiwa. Mkataba wa Septemba 2018 ukapanua bunge hadi viti 550 na kuvigawa kwa pande zilizotia saini: 332, 128, 50, 30 na 10. Idadi ya watu haikutajwa kuwa kigezo. Makadirio yaliyotolewa 2023, kutokana na utafiti wa sampuli wa 2021, yalitaja watu milioni 12.4, nayo yakapingwa. Uchaguzi wa Desemba 2024 ukasogezwa hadi Desemba 2026.

Suala moja la 2008 limerudi kwa sura nyingine. Wakati huo Wakusini waliokuwa Khartoum walihesabiwa walikokutwa, na idadi yao ikaongeza viti vya kaskazini. Leo wakimbizi zaidi ya milioni mbili wako Uganda, Sudani, Ethiopia na Kenya, na wengi walitoka katika kaunti za Ikweta na Upper Nile. Sensa ikifanyika kabla hawajarudi, kaunti hizo zitapoteza viti kwa kipindi kizima cha bunge. Ikiwasubiri, mgao wa 2018 utaendelea kutumika.