Fidia ya ajali ya bodaboda

Fidia ya ajali ya bodaboda ni malipo anayostahili mtu aliyeumizwa na pikipiki ya abiria, au wategemezi wake akifariki, kutoka kwa aliyesababisha ajali au kampuni iliyokikatia bima chombo chake. Tanzania Bara msingi wake mkuu ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inayokataza chombo cha moto kuingia barabarani bila bima ya mtu wa tatu, ambayo mtaani huitwa bima ndogo. Haki hiyo ipo, lakini majeruhi wengi huipoteza katika siku za mwanzo, wakiwa bado kitandani.

Jina bodaboda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tanzania iliitambua rasmi pikipiki kuwa chombo cha biashara ya abiria kwa kanuni za mwaka 2010.

Pikipiki haina bodi wala mkanda. Ikienda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo mchanga kidogo kwenye kona, au mlango wa gari unaofunguliwa ghafla, watosha kuwatupa waliopanda. Mguu ndio hutangulia kupokea bampa la gari. Mundi ukivunjika na mfupa kutokeza nje, jeraha huingia uchafu wa barabarani, na mgonjwa anaweza kurudishwa chumba cha upasuaji mara kadhaa. Kwa kichwa, utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini kijiweni helmeti ya abiria mara nyingi huning'inia kwenye usukani, kamba yake ikiwa imekatika kitambo. Isiyofungwa kidevuni huweza kuruka kabla kichwa hakijafika kwenye lami. Mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi nyuma ya dereva mmoja, hurefusha umbali wa kusimama na kuiyumbisha pikipiki kila inapokata kona.

Bima ndogo humlinda mtu wa tatu: mtembea kwa miguu, aliye kwenye chombo kingine, na abiria anayelipa nauli. Haimlindi dereva aliyejiangusha mwenyewe, na hili vijana wengi hulijua wakishaumia. Dereva akigongwa na gari lenye makosa, hapo yeye ndiye mtu wa tatu, na anadai kwenye bima ya gari hilo. Aliyeajiriwa kupeleka mizigo anaweza pia kudai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2008. Wengi wa kijiweni wako nje ya mfuko huo, kwa kuwa hupeleka hesabu kwa tajiri au huendesha kwa mkataba bila ajira rasmi.

Aina ya bima nayo ina uzito. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi kisha ikabeba abiria huipa kampuni mwanya wa kukataa dai. Uhalali wa bima huweza kuthibitishwa kwa namba ya usajili katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Dai hujengwa kwa karatasi. Ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika humo majeraha aliyoyaona. Daktari akiandika “maumivu ya mguu” pale ambapo picha ya eksirei inaonyesha mundi umevunjika mara mbili, mstari huo mfupi utamgharimu majeruhi baadaye. Nyingine ni ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa vyombo, na hukumu ya kesi ya trafiki ikiwapo. Risiti za dawa, vyuma na nauli za kliniki zote zitunzwe, kwa sababu mahakama hudai uthibitisho wa kila gharama iliyotajwa. Maumivu na ulemavu hukadiriwa na hakimu mwenyewe. Kukosa helmeti au kukubali mshikaki huweza kupunguza malipo, kwa hoja kwamba majeruhi naye alichangia.

Panapoumiza zaidi ni kumalizana. Ndugu wa dereva huja wodini na fedha za matibabu ya wiki moja, na mgonjwa hutia saini kwamba hana dai tena. Miezi ikipita mfupa haujaunga, anahitaji upasuaji mwingine, na karatasi ile inamsubiri. Kampuni nayo huwa na hati yake ya kuridhia malipo, inayofunga mlango vilevile. Si busara kuisaini kabla daktari hajaeleza kiwango cha ulemavu utakaobaki.

Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na kampuni ya bima ipewe taarifa ya kesi mapema. Mwenye kadi ya pikipiki huweza kushitakiwa pamoja na dereva wake. Ugomvi na kampuni ya bima unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima bila kuanzia mahakamani.

Chombo kilichogonga na kukimbia bila kutambuliwa humwacha majeruhi bila wa kumdai. Rwanda imeweka mfuko maalumu wa dhamana unaowalipa walioumizwa na vyombo visivyojulikana au visivyo na bima.